Nani Alikaa Kula? Wanawake wa Greensboro na Kaunta ya Woolworth



Tunazungumza sana hapa juu ya chakula: mapishi, walima, nani apike pilau na nani apakue. Leo tuzungumze juu ya kitu kidogo kinachosahaulika, nacho ni kiti cha kukalia unapokula. Tutakwenda mbali kidogo, mpaka mji wa Greensboro katika jimbo la North Carolina, Marekani. Ni mji wa vyuo, na kama ilivyo miji yote ya vyuo, mitaa yake ya kati ilikuwa na sehemu za kula kwa haraka na kwa bei nafuu. Mwanafunzi anaingia, anaagiza kahawa na kipande cha keki, anapumzisha miguu, anaondoka. Katika mwaka 1960 kiti cha sehemu kama hiyo kiliitikisa nchi nzima.

Kisa hiki wengi wanakijua kwa majina ya vijana wanne wa kiume. Majina yao yanastahili kutajwa, na tutayataja. Lakini ukikisoma vizuri utakuta wanawake kila mahali: walioandaa, waliokaa, waliokamatwa, na waliopika chakula chenyewe.

Mji wenye vyuo na kaunta yenye masharti

Greensboro ya wakati ule ilikuwa na vyuo kadhaa. Kulikuwa na chuo cha kilimo na ufundi cha North Carolina, maarufu kwa jina la A&T, kilichoanzishwa 1891 kwa ajili ya Wamarekani weusi. Jirani yake kulikuwa na Bennett, chuo kilichoanza 1873 na ambacho tangu 1926 kimekuwa cha wanawake, nacho pia cha weusi. Upande mwingine wa mji kulikuwa na Woman's College, chuo cha serikali cha wanawake wa Kizungu, ambacho kilianza kupokea wanafunzi weusi mwaka 1956 tu, tena wachache mno.

Wanafunzi wote hawa walinunua vitu katika mitaa ileile ya kati. Kwenye barabara ya South Elm, nambari 132, lilikuwapo duka la kampuni ya Woolworth. Maduka ya Woolworth yalijulikana Marekani nzima kwa kuuza vitu vidogo vidogo vya bei rahisi: dawa ya meno, daftari, uzi, vyombo, vipodozi. Ndani yake kulikuwa na kaunta ya chakula yenye umbo la herufi L, na viti 66 vilivyopangwa mbele yake. Watu walikaa pale wakala sandwichi, wakanywa kahawa na soda, kisha wakaendelea na shughuli zao.

Sasa angalia utaratibu ulivyokuwa. Mteja mweusi aliruhusiwa kuingia dukani. Pesa yake ilipokelewa bila tatizo kwenye meza ya daftari na kwenye meza ya sabuni. Hata chakula aliweza kununua, mradi akile wima au aondoke nacho. Kilichokatazwa ni kukaa. Na nyuma ya kaunta ileile, mikono iliyokuwa ikipika, ikiosha vyombo na kupanga sahani, mingi ilikuwa ya wanawake weusi. Mwanamke alipika chakula kutwa nzima, na asingeweza kukaa kwenye kiti kimoja kati ya vile 66 akakila.

Sheria na desturi za majimbo ya kusini ndizo zilizoweka hali hiyo. Makao makuu ya Woolworth yalikuwa New York, na kampuni ilisema kwamba inafuata desturi ya kila mahali. Yaani mwenye duka alimwachia jirani lawama, na jirani akaiachia desturi.

Weusi walikula wapi?

Msidhani watu walikaa na njaa. Wamarekani weusi wa Greensboro walikuwa na mtaa wao wa biashara, East Market, karibu na A&T na Bennett, wenye maduka yao na sehemu zao za kula. Kwenye mtaa wa Gorrell, si mbali na Bennett, familia ya Gist ilifungua nyumba ya wageni mwaka 1949, iitwayo Magnolia House. Jina lake liliandikwa kwenye Green Book, kitabu cha mwongozo kilichowaonyesha wasafiri weusi mahali ambapo wangeweza kulala na kula bila kudhalilishwa. Wanamuziki kama Ray Charles na James Brown walifikia hapo, kwa sababu hoteli za katikati ya mji ziliwafungia milango.

Hivyo mtu anaweza kuuliza: kama walikuwa na sehemu zao, walitafuta nini kwa Woolworth? Jibu ni rahisi kwa yeyote aliyewahi kwenda sokoni na watoto. Ukiwa mjini tangu asubuhi, mikono imejaa mizigo na mtoto analia njaa, sehemu ya kula inayokufaa ni ile iliyo mbele yako. Mama mweusi ilibidi ampite mwanawe mbele ya kiti kitupu, kisha amtafutie maneno ya kumweleza kwa nini hawawezi kukaa. Maelezo hayo ndiyo yaliyouma zaidi kuliko njaa.

Bennett kabla ya 1960

Wasichana wa Bennett walilelewa kwa adabu kali ya mavazi. Kwenda mjini kulitaka kofia na glavu, na nguo safi zilizonyooshwa. Mtu wa nje angewaona akadhani ni mabinti wa kutulia tu na kutii. Lakini mwaka 1937 wanafunzi wa chuo hicho waliongoza mgomo wa kususia majumba ya sinema ya mjini kwa sababu ya namna filamu zilivyokuwa zikiwaonyesha watu weusi. Heshima ya mavazi na ujasiri wa moyo vilikaa pamoja bila kugombana, jambo ambalo sisi wa visiwani hatuhitaji kufundishwa.

Mwaka 1958 Martin Luther King alialikwa kuhutubia Greensboro, na wenye kumbi wengine waliogopa kumpokea. Bennett ilimfungulia mlango. Mkuu wa chuo wakati ule alikuwa mwanamke, Dkt. Willa Player, aliyeshika uongozi katikati ya miaka ya 1950. Miongoni mwa waliosikiliza hotuba ile alikuwapo kijana wa skuli ya sekondari aitwaye Ezell Blair. Shikeni jina hilo, tutarudi kwake.

Wanawake waliosoma Bennett wameeleza kuwa mazungumzo juu ya kwenda kukaa kwenye kaunta za mjini yalikuwa yakifanyika chuoni kwao tangu mwaka 1959, pamoja na baadhi ya walimu wao. Na hata kabla ya hapo, mbali na Greensboro, jambo lilikwishajaribiwa. Agosti 1958 huko Oklahoma City, mwalimu mmoja wa kike, Clara Luper, aliwachukua watoto na vijana wa chama cha NAACP wakaenda kukaa kwenye kaunta ya duka la dawa la Katz. Binti yake mwenyewe alikuwa kati yao. Waliagiza soda. Waliendelea kurudi mpaka duka likakubali.

Jumatatu, Februari 1, 1960

Vijana wanne wa mwaka wa kwanza wa A&T walikuwa na kawaida ya kuzungumza usiku katika dakhalia yao: Ezell Blair, Franklin McCain, Joseph McNeil na David Richmond. McNeil alikuwa amenyimwa chakula kwenye kituo cha mabasi cha Greensboro, na jambo hilo lilimkaa rohoni. Jumapili usiku wakakubaliana. Jumatatu alasiri wakaingia Woolworth, wakanunua vitu vidogo kama dawa ya meno, wakatunza risiti zao. Kisha wakaenda kukaa kwenye kaunta na kuagiza kahawa.

Risiti zile zilikuwa hoja yao. Kama pesa yangu imepokelewa meza ile, kwa nini ikataliwe meza hii? Hawakuhudumiwa. Walikaa mpaka duka lilipofungwa.

McCain alisimulia baadaye kwamba bibi mmoja wa Kizungu mwenye umri mkubwa aliwakaribia pale kaunta. Walidhani anakuja kuwatukana. Badala yake aliwawekea mkono begani na kuwaambia kwamba kinachomsikitisha ni kuwa hawakufanya hivyo miaka mingi nyuma. McCain alisema tangu siku hiyo alijifunza kutomhukumu mtu kabla hajafungua kinywa.

Siku ya pili walikuja wanafunzi zaidi ya 20, wasichana wa Bennett wakiwemo. Siku ya tatu zaidi ya 60. Siku ya nne walipita 300, na safari hii wasichana watatu wa Kizungu kutoka Woman's College, Ann Dearsley, Marilyn Lott na Genie Seaman, walikaa pamoja nao. Jumamosi ya wiki hiyo watu zaidi ya 1,000 walijazana, ikaja taarifa ya bomu, na duka likafungwa kwa siku hiyo.

Wakati huo wote wanafunzi walikuwa wakifanya kazi za chuo palepale kwenye viti. Walifungua vitabu, wakasoma, huku wengine wakiwazomea kwa nyuma. Walikuja kwa zamu: aliyekuwa na kipindi aliondoka, mwenzake akakaa mahali pake.

Pesa, jela na majira ya joto

Mazungumzo na wakubwa wa mji hayakuzaa kitu, na mwezi wa Aprili wanafunzi wakarudi kwenye kaunta. Tarehe 21 Aprili, vijana 45 walikamatwa kwenye duka la Kress, lililokuwa na kaunta kama ya Woolworth kwenye barabara ileile. Wasichana wa Bennett walikuwa miongoni mwao, na glavu zao mikononi.

Nje ya maduka, silaha kubwa ilikuwa pochi. Familia nyeusi ziliacha kununua katikati ya mji. Hili ni jambo ambalo aghalabu mwanamke ndiye hulitekeleza, maana yeye ndiye anayejua sabuni imekwisha lini na mtoto anahitaji viatu vipi. Mauzo ya Woolworth ya Greensboro yalishuka sana, na hasara yake inatajwa kufikia kiasi cha dola 200,000.

Huko Nashville, Tennessee, mji mwingine wa vyuo, mambo yalikwenda vivyo hivyo. Diane Nash, msichana wa chuo kikuu cha Fisk, alikuwa kiongozi wa wanafunzi. Watu weusi wa mji ule walisusia maduka kabla ya Pasaka, msimu ambao kila mama hununua nguo mpya, kama sisi na sikukuu zetu. Tarehe 19 Aprili Diane alisimama mbele ya meya kwenye ngazi za ofisi ya mji akamuuliza waziwazi kama anaona ni haki kumbagua mtu kwa rangi yake. Meya alikiri kwamba si haki. Tarehe 10 Mei kaunta za Nashville zilianza kuwahudumia watu wote.

Greensboro ilichukua muda zaidi. Majira ya joto yalipofika, wanafunzi wa vyuo walirudi makwao, na wenye maduka huenda walitegemea mambo yatapoa. Watoto wa skuli ya sekondari ya Dudley wakashika zamu.

Geneva Tisdale na sandwichi ya mayai

Sasa tufike kwenye siku ambayo kwangu mimi ndiyo kiini cha habari hii yote.

Tarehe 25 Julai 1960 meneja wa Woolworth, Clarence Harris, aliamua kufungua kaunta. Lakini hakutaka kelele wala wapiga picha. Aliwaita wafanyakazi wake mwenyewe weusi: Geneva Tisdale, Susie Morrison, Anetha Jones na Charles Best. Aliwataka wavue sare za kazi, wavae nguo zao nzuri, kisha wakae kwenye kaunta kama wateja.

Hivyo watu weusi wa kwanza kukaa na kuhudumiwa pale walikuwa wale wale waliokuwa wakihudumia. Geneva Tisdale aliagiza sandwichi ya mayai. Alijua ilivyotengenezwa, kwani jikoni ndiko alikokuwa akifanya kazi. Alikula, akainuka, akavaa sare yake, akarudi kazini. Hakuna kamera iliyomnasa. Picha zinazojulikana duniani ni za vijana wakiwa wamenyimwa kahawa. Za wanawake wakipewa chakula hazipo.

Fikiria hapo kidogo, dada yangu. Kwa miaka alikuwa akipakua sahani kwa wengine. Hatua kati ya upande wa kupikia na upande wa kukalia hazizidi tatu. Ilichukua miezi sita ya vijana kukaa, kuzomewa na kukamatwa, ndipo mwanamke huyu akaruhusiwa kuzivuka hatua hizo tatu.

Baada ya kahawa

Mwezi wa Aprili 1960 mwanamke mwingine, Ella Baker, mhitimu wa chuo cha Shaw mjini Raleigh, aliwakusanya wanafunzi kutoka majimbo mengi chuoni hapo. Kufikia wakati huo migomo ya kukaa ilikuwa imeenea katika miji zaidi ya 50. Bi Ella aliwakumbusha kwamba jambo walilolianza linazidi ukubwa wa chakula kilicho kwenye sahani: ni kazi, ni kura, ni heshima ya mtu popote anapokwenda. Mkutano huo ulizaa jumuiya ya wanafunzi iliyojulikana kwa kifupi kama SNCC.

Na hapa kisa chetu kinagusa pwani ya Afrika Mashariki. Desemba 1963, siku chache baada ya Kenya kupata uhuru, Oginga Odinga, waziri wa mambo ya ndani wa Kenya, alifika Atlanta. Vijana wa SNCC walikwenda kumwamkia hotelini kwake. Walipotoka, wakaenda kunywa kahawa kwenye mkahawa wa jirani uitwao Toddle House. Wakakataliwa, wakakaa chini, wakakamatwa. Mgeni kutoka Afrika alikuwa amelala hoteli nzuri kama waziri, na wenyeji wake hawakuweza kupata kikombe cha kahawa mlango wa pili. Mmoja wao, Matthew Jones, alitunga wimbo juu ya Odinga, ukaimbwa kwenye mikutano ya harakati hizo.

Greensboro nayo haikuwa imemaliza. Kaunta za Woolworth na Kress zilifunguka 1960, lakini mikahawa mingi mingine ilibaki imefungwa kwa weusi. Mwaka 1963 wanafunzi walirudi mitaani kwa mamia. Jela zilijaa, na baadhi ya wasichana wa Bennett wakawekwa kwenye jengo la hospitali ya zamani ya polio. Willa Player hakuwakana. Aliwatembelea, na akahakikisha walimu wanawapelekea kazi za masomo hukohuko kizuizini. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Julai 1964, sheria ya haki za kiraia ilitiwa saini, ikapiga marufuku ubaguzi wa rangi katika hoteli na sehemu za kula nchi nzima.

Ezell akawa Jibreel

Niliwaambia mshike jina la Ezell Blair. Alipomaliza masomo alihamia New Bedford, Massachusetts. Mwaka 1968 alisilimu, akachukua jina la Jibreel Khazan, na kwa jina hilo ndilo amejulikana tangu wakati huo. Katika maisha yake ya kazi alishughulika na vijana na watu wenye ulemavu wa akili. Wengi wetu tunapoziona picha za kaunta ya Greensboro hatujui kwamba mmoja wa vijana wale ni ndugu yetu katika dini.

Duka la Woolworth la Greensboro lilifungwa mwaka 1993, na kulikuwa na mpango wa kulibomoa ili pawe mahali pa kuegesha magari. Watu wa mji walilipigania. Tarehe 1 Februari 2010, miaka 50 kamili tangu siku ile ya Jumatatu, likafunguliwa kuwa makumbusho ya haki za kiraia. Sehemu ya kaunta na viti vyake vinne vipo kwenye makumbusho ya taifa ya historia mjini Washington.

Cha kuondoka nacho

Kwa bibi harusi anayepanga shughuli yake mwezi huu, historia hii ina swali moja la vitendo. Umeshahesabu sahani za wageni, umeshachagua vitambaa vya meza na maua. Je, wale wanawake watakaoamka alfajiri kumenya vitunguu, kuosha mchele na kukaa kwenye moshi wa kuni, kiti chao kiko wapi? Watakula lini, na watakula wamekaa au wamesimama nyuma ya jiko baada ya kila mtu kuondoka? Na binti wa kazi nyumbani, anayetupakulia kila siku, anakula wapi?

Hakuna sheria inayotukataza kumkaribisha mpishi mkekani. Ni mazoea tu, na mazoea ndiyo yaliyoiweka kaunta ya Greensboro vile ilivyokuwa. Kwenye orodha yako ya harusi, chini ya idadi ya wageni, ongeza mstari mmoja wa wapishi, uwawekee sinia lao kamili na mahali pao pa kukaa, chakula kikiwa bado cha moto.

Mungu azibariki harusi zenu na mikono inayotupikia. Amin.